Kweli Iliyopunjwa



Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha hapa mjini Kisii, kijana mmoja mwanafunzi wa chuo aliuliza suala ambalo mwanzo nililidhania jepesi, kumbe ni zito. Alisema: "Sheikh, je, yamkini mtu aseme kweli tupu, asiongeze neno wala asizue, na bado awe dhalimu mbele ya Mwenyezi Mungu?" Nikamwuliza suala hili limemzukia wapi. Akasema amekuwa akisoma magazeti ya zamani, ya Nairobi na ya Dar es Salaam, juu ya kufungwa kwa mpaka wa Kenya na Tanzania mwaka 1977. Hakuona uwongo wa dhahiri katika upande wowote. Lakini alipomaliza kusoma aliona kana kwamba amesoma khabari za visa viwili mbalimbali, vilivyotokea katika nchi nne.

Usiku ule nilimpa jawabu fupi. Jawabu refu naliandika hapa, kwa kuwa jambo hili halimhusu msomi wa magazeti peke yake. Lamhusu kila aketiye barazani akasikia khabari, kisha akaondoka nayo kwenda kumpa mwenziwe.

Huenda ndugu zetu wa Mombasa na Lamu wakasema: Kisii na mambo ya mpaka, wapi na wapi? Jawabu yake ni kuwa mstari unaozigawa Kenya na Tanzania ni mmoja. Waingereza na Wajarumani waliafikiana juu yake mwaka 1886, na wenyeji hawakuulizwa. Waanza kwetu pwani, karibu na Vanga na mdomo wa mto Umba, wapinda kuuzunguka mlima Kilimanjaro, kisha wanyooka hata kuingia ziwani Victoria. Kama ulivyowakata Wadigo, wengine huku na wengine kule, ndivyo ulivyowakata Wakuria, ambao lugha yao na lugha ya Wakisii ni jamaa moja. Na barabara itokayo Kisii hupita Migori ikafika Isebania. Ukivuka hatua chache uko Sirari, na mbele yako ni Tarime, Musoma na Mwanza. Mpaka ufungwapo, Nairobi na Dar es Salaam huuona katika karatasi. Kisii huuona sokoni.

Na sokoni ndiko nitakakoanzia. Katika soko la Daraja Mbili hapa mjini, mahindi na maharagwe hupimwa kwa mkebe uitwao gorogoro. Kipimo hicho chajulikana na kila mtu. Lakini yuko muuzaji ambaye hukibonyeza kitako chake kikaingia ndani. Mahindi atakayokupimia ni mahindi kweli, si mchanga wala si makapi. Ukiyatazama punje moja moja hutaona ila. Ufikapo nyumbani, watoto hawashibi. Muuzaji huyu hakusema uwongo hata neno moja, na pamoja na hayo ni katika wale walioteremshiwa onyo la Suratul-Mutaffifin, watu wa vipimo viwili: kimoja cha kupokelea na kimoja cha kutolea.

Basi jawabu fupi niliyompa kijana yule ni hii: kweli nayo hupimwa, na yaweza kupunjwa. Mwenye kupunja kweli hahitaji kusema uwongo.

Sasa natukitazame kisa chenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisimamishwa mwaka 1967 na Kenya, Tanzania na Uganda. Reli, bandari, posta na ndege vilikuwa mali ya shirika. Mwishoni mwa Januari 1977 ndege za shirika zilisita kuruka. Tarehe 4 Februari Kenya ilianza kurusha ndege kwa jina lake yenyewe, na siku hiyo hiyo Tanzania ikaufunga mpaka. Katikati ya mwaka huo Jumuiya ikafa. Mpaka haukufunguliwa hata Novemba 1983, walipokutana Arusha Marais Nyerere, Moi na Obote. Hiyo ni miaka sita na miezi tisa.

Juu ya tarehe hizi hapana mgogoro. Mgogoro ulikuwa katika kusimulia. Dar es Salaam, gazeti la Daily News lilikuwa mali ya serikali, na Uhuru lilikuwa la chama. Nairobi, Daily Nation na Taifa Leo yalikuwa ya kampuni iliyoanzishwa na Aga Khan, na Standard lilikuwa la kampuni ya Lonrho ya Uingereza. Kila upande ulimsuta mwenziwe kwa mwenye gazeti lake: hawa ni vinywa vya mabepari wa ng'ambo, wale ni wapiga ngoma wa serikali. Nyani haoni kundule. Mwaka huo huo wa 1977 Benjamin Mkapa, aliyewahi kuwa mhariri wa Daily News, alifanywa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania. Sisemi haya kwa kumtia ila. Nasema kuonyesha kuwa kalamu na wizara zilikaa katika jamvi moja. Na mgeni mwenye kampuni afanyaye biashara katika nchi ya watu, naye ana sababu zake za kuwa mpole kwa wenye nchi.

Tazama basi kweli ilivyopunjwa, na ilipunjwa kwa njia tatu.

Kwanza, kwa kuchagua mwanzo wa hadithi. Kwa upande wa Nairobi, hadithi yaanza na deni: washirika hawakuleta fedha zilizowapasa, Kenya imechoka kubeba mzigo wa watatu, basi imejitua. Kwa upande wa Dar es Salaam, hadithi yaanza na ndege: mali ya watatu ilikuwa imewekwa Nairobi, mmoja akaishika akaanzisha yake, basi aliyebaki amefunga mlango wake ili kujihami. Malalamiko ya deni yalikuwako kweli, na mali ya shirika ilikuwako Nairobi kweli. Lakini ukishachagua mahali pa kuanzia, umeshamchagua mkosa, na yote yafuatayo ni kumthibitishia tu.

Pili, kwa majina. Tendo moja huku laitwa kujihami, kule laitwa uchokozi. Tanzania ilienea neno manyang'au, na ikasemwa kuwa Kenya ni nchi ya mtu kumla mtu. Kenya ikajibu kuwa heri hiyo kuliko nchi ambayo mtu hana cha kula. Watu wakacheka pande zote mbili. Lakini jina lina ubaya wake: hurushwa kwa waziri likamwangukia muuza ndizi. Yule mama wa Isebania hakuwa na ndege wala hakukopa fedha za Jumuiya, na jina la nyang'au lilimfika.

Tatu, kwa kunyamaza. Huku yalihesabiwa magari ya watalii na ndege ndogo zilizozuiwa Tanzania. Kule zilihesabiwa ndege na mali iliyobaki Kenya. Kila mmoja alikuwa na daftari la anachodai, na hakuna aliyechapisha daftari la anachodaiwa.

Mwishowe ilibidi aletwe mpatanishi kutoka Uswisi, Dakta Victor Umbricht, naye alikaa miaka kadha akikokotoa mali na madeni. Mapatano ya mwaka 1984 yaliipa Kenya mafungu 42 katika mia, Tanzania 32 na Uganda 26. Tazama: miaka saba watu walitukanana juu ya hesabu ambayo ilikuwa bado haijafanywa.

Hapa Kisii yuko mzee mmoja ambaye umri wake umepita miaka sabini. Mwaka ule alikuwa kijana dukani kwa baba yake. Dada yake alikuwa ameolewa Musoma, na shemeji yake alizoea kuleta dagaa hapa. Siku chache kabla ya mpaka kufungwa, shemeji huyo alikuwa mgeni wao. Jioni wanaume waliketi nje ya duka, na kijana akasoma gazeti kwa sauti, kwa kuwa ndiye aliyekuwa msomaji wao. Akasoma juu ya madeni ya Watanzania, kisha akatia lile neno la watu wasio na cha kula, na baraza yote ikacheka. Shemeji hakusema kitu. Alfajiri aliondoka bila ya kuamsha mtu. Mama yao alipofariki, mpaka ulikuwa umefungwa. Khabari ilimfikia dada baada ya siku nyingi, na kuja hakuweza.

Walipoonana tena mwaka 1983, mzee alitaka kumwomba shemeji yake radhi. Aliniambia hivi: "Sheikh, nilikaa naye siku mbili nisiweze. Yale niliyoyasoma yalikuwa kweli. Hivyo sikujua niseme nimekosa nini."

Maneno haya yamenikaa moyoni kuliko vitabu vingi. Mwenye kusema uwongo huijua toba yake: hurudi akasema, nilizua. Mwenye kupunja kweli mlango wa toba wamfichikia, kwa sababu kila akilitazama neno lake alikuta ni la kweli. Ndiyo sababu nasema kuwa dhulma hii ni ya kuogopwa zaidi.

Je, wanazuoni wetu walifanyaje walipokutana na mpokezi mwenye upande? Watu wengi hudhani kuwa walimtupa. La. Imamu Bukhari amepokea katika Sahihi yake riwaya ya Imran bin Hittan, na Imran alikuwa Khawariji, tena ndiye aliyemsifu kwa mashairi muuaji wa Sayyidna Ali. Alipokewa kwa sababu alijulikana kwa ukweli wa ulimi. Lakini wanazuoni waliweka sharti, na Ibn Hajar al-Asqalani amelieleza: mwenye madhehebu ya upotofu, akiwa mkweli na si mlinganiaji wa madhehebu yake, hukubaliwa, isipokuwa katika lile linaloyapa nguvu madhehebu yenyewe. Tazama insafu hii. Hawakusema, huyu ni adui, basi kila lake ni uwongo. Wala hawakusema, huyu ni mkweli, basi kila lake lipokewe. Walitazama khabari yenyewe yaelekea wapi na matamanio ya mwenye kuieleza yaelekea wapi.

Kipimo hiki chafaa kwa magazeti. Gazeti lenye upande huleta khabari za namna tatu. Iko isiyogusa mapenzi yake, kama mafuriko au bei ya chai ya Nyamira. Hiyo yapokewa kama khabari ya mtu mwingine yeyote. Iko inayoshuhudia juu ya upande wake lenyewe. Hiyo ndiyo yenye uzito mkubwa, kwani ni mfano wa ikrari, na mtu hakiri la kumdhuru illa limemshinda kulificha. Na iko inayoupa nguvu upande wake. Hiyo yangoja mpaka apatikane shahidi wa upande wa pili. Lau gazeti la Nairobi lasema Kenya imekosa, na la Dar es Salaam lasema Tanzania yadaiwa, hapo msomaji ameshika kitu mkononi. Kinyume chake, ameshika upepo.

Asidhani mtu kuwa naandika kwa kujitakasa. Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague ilitoa hukumu baina ya Somalia na Kenya juu ya mpaka wa bahari. Asubuhi ya pili nilisoma gazeti moja, na baada ya Sala niliwaambia watu kuwa bahari yetu imechukuliwa, na kwamba Kenya iliutangaza mpaka wake tangu 1979 na wenzetu wakanyamaza miaka mingi. Katika safu alikuwako Msomali mmoja mwenye duka hapa mjini. Watu walipotawanyika alinijia akasema kwa upole: "Sheikh, hukumu yenyewe umeisoma?" Sikuwa nimeisoma.

Nilipotafuta, nilikuta kuwa mahakama ilikataa hoja ya Kenya kuwa Somalia iliuridhia mpaka ule, lakini pia haikuufuata sawasawa mstari ulioombwa na Somalia. Iliusogeza kwa faida ya Kenya, na ikakataa dai la Somalia kuwa Kenya imeivunja sheria ya mataifa. Na juu ya ule unyamavu, upande wa pili ulikuwa na neno: tangu 1991 nchi yao ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hadithi yangu niliianza mwaka 1979 na sikusimama 1991. Waliosherehekea Mogadishu walisikia ushindi mtupu, na sisi tulisikia dhulma tupu, na hukumu haikuwa hili wala lile. Ijumaa iliyofuata nilisimama mahali pale pale nikawasomea watu yale niliyoyaacha. Lilikuwa zito kwangu kuliko khutba yoyote.

Huenda mtu akasema: nchi ni kama mzazi, na gazeti la nchi haliwi gazeti illa likiipigania; je, wataka tuisaidie nchi ya watu juu ya yetu? Jawabu yake ni kuwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimama na haki katika ushahidi hata juu ya nafsi zetu na wazazi wetu. Ikiwa mzazi mwenyewe hakusazwa, basi na kile kilichofananishwa na mzazi hakisazwi. Na katika Suratul-Maida, aya ya 8, tumekatazwa kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki juu ya kaumu fulani. Kuipenda nchi ni jambo zuri. Mwenye kuipenda huitakia ijue inadaiwa nini kabla ya kudaiwa mbele ya watu.

Mwingine atasema: basi wataka tugawe katikati, kila upande tumpe nusu ya kosa ili tuonekane waadilifu. Hapana. Huo nao ni upunjaji, kwani asiyekosa amebambikwa nusu ya kosa la mwenziwe. Mafungu ya mapatano ya mwaka 1984 hayakuwa thuluthi tatu sawa. Insafu ni kumpa kila mtu haki yake ilivyotoka katika hesabu, ikiwa nyingi au chache, na hesabu huja kabla ya hukumu.

Wa tatu atasema: mimi ni mchuuzi wa samaki, magazeti mawili nitayasoma saa ngapi? Ewe ndugu yangu, hukulazimishwa kusoma mawili. Umekatazwa kuhukumu kwa moja. Katika Suratul-Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuipeleleza khabari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Ukikosa wakati wa kupeleleza, sema: "Gazeti fulani limesema hivi." Maneno hayo manne hayana gharama, nayo huacha mlango wazi kwa mwenye kujua zaidi. Na siku hizi ambapo khabari huja katika simu bila ya jina la gazeti wala la mwandishi, hata mlango wenyewe haujulikani ulipo. Huko kusita ni wajibu zaidi.

Wala asidhani msomaji kuwa maradhi haya ni ya mataifa makubwa na mabalozi. Uko mji uitwao Keroka, kwenye njia ya kwenda Sotik, na mpaka wa kaunti ya Kisii na kaunti ya Nyamira wapita mjini humo. Tangu serikali za kaunti ziliposimamishwa mwaka 2013, pande mbili hizi zimegombana juu ya nani atoze ushuru wa soko. Hawa na hawa ni Wakisii, lugha moja na ukoo mmoja. Hata hivyo, keti upande huu wa barabara usikie hadithi inaanzia wapi, kisha vuka uketi upande wa pili. Utasikia mianzo miwili, majina mawili, na minyamao miwili. Na baina yao yuko mwanamke mwenye tenga la mboga, hajui amlipe nani.

Kwa hivyo mwenye kutaka kujifunza kusoma magazeti ya mataifa, na ajizoeze kwanza kwa khabari za mtaa wake. Akiletewa ugomvi wa majirani wawili, na aulize mambo matatu: hadithi hii imeanzishwa wapi, na ingeanzishwa na mwenziwe ingeanza wapi? Jina hili alilopewa mtu, je, yeye mwenyewe akilisikia atajua kuwa ni yeye? Na katika daftari hili, ukurasa wa anachodaiwa msemaji uko wapi?

Yule mzee wa Kisii nilimwendea baada ya darsa ile, nikamwambia kosa lake limepata jina, nalo ni kupunja. Akakaa kimya kitambo, kisha akauliza kama yafaa kumwombea radhi kwa simu mtu aliye mgonjwa Musoma. Nikamwambia yafaa, na aifanye usiku ule ule.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na avinyooshe vipimo vyetu, vya sokoni na vya ulimini. Amin.